Mkate wa Farasi

Hadithi njoo, nje theluji imeziba madirisha!

Katika nchi ya theluji, kila Krismasi Torborg alioka mkate kama alivyofundishwa na mama yake, akaufungia kashani hadi majira ya kupanda, farasi aule ndipo alime. Mwaka mmoja zimwi likabisha hodi.

"Mama Alva, nipe mkate, nikupe dhahabu."

"Nenda zako!"

"Nikupe unga?"

"Unga wa zimwi una mifupa!"

"Basi nipe Alva."

Torborg akalitupia mkate huku akilia. Zimwi likala, likaondoka.

Theluji ikayeyuka. Farasi akafungwa jembe, akanusa viganja vya Torborg, akavikuta vitupu. Hakusogea. Mama na mwana wakajifunga jembe wenyewe. Hadithi yangu imekomea shambani. Wao bado wanavuta.