Waliosinzia kwa Zamu

Sogeeni karibu, na aliyechoka aegemee ukuta. Nina watu watatu wa kuwaletea, nao walichoka kuliko ninyi nyote.

Wa kwanza aliitwa Tupokigwe, mama mchuma chai, naye alijaliwa masikio: neno likishaingia halitoki. Wa pili aliitwa Subilaga, mama lishe wa stendi ya Tukuyu, naye alijaliwa vidole: sufuria inayovuja aliijua kwa kuipapasa tu. Wa tatu aliitwa Ambakisye, mlinzi wa ghala, naye alijaliwa subira, ile ya mtu aliyezoea kulikodolea macho lango lisilopitiwa na mtu.

Watatu hawa walijiandikisha chuo cha wananchi, kozi ya jioni ya ufundi wa friji. Watu wazima, wazazi wa wanafunzi wa sekondari, wakanunua kalamu na kukaa kwenye madawati. Elimu haina mwisho, tunasema. Sawa, lakini mwili una mwisho, na wao miili yao iliishia pale pale Mwalimu Lwitiko alipofungua mlango wa karakana.

Walisinzia. Mwalimu alikuwa mtu mpole. Alifundisha vichwa vilivyolala mezani na hakugombeza. Basi watatu hawa, waliokuwa meza moja, wakabuni mpango wao. Kila somo lilianza na umeme, likaja kwenye gesi, likamalizia na usafi wa mashine. Tupokigwe alifika mapema na nguvu alizobakiza shambani, akasikiliza umeme, kisha akalala. Subilaga alichelewa kwa kuosha masufuria, akafika baridi ya njiani imemzindua, akasikiliza gesi, kisha akalala. Ambakisye alilala tangu mwanzo, akaamshwa kwa kiwiko, akasikiliza mwisho wa somo, kisha akaenda lindoni.

"Tutasimuliana njiani," waliahidiana.

Walisimuliana? Hata siku moja. Njiani kila mtu alikuwa anaburuta miguu.

Kozi ilipokwisha, chama cha wafugaji kikaleta chuoni tangi lake bovu la kupozea maziwa, liwe mtihani wa meza ile. Mwenyekiti wa chama akasema, "Atakayelifufua nitamwajiri alitunze. Kazi ya mchana. Jioni mtu yuko kwake."

Jioni mtu yuko kwake! Msicheke. Tupokigwe hakuwa akimkuta mtoto wake wa mwisho macho, isipokuwa Jumapili. Subilaga alishasinzia mbele ya jiko hadi akaungua mkono. Ambakisye alishaambiwa kwamba akikutwa tena amelala lindoni, asirudi. Hawakuwa wakitafuta utajiri. Walitaka kulala kama watu.

Tangi lilikuwa kimya. Tupokigwe akafuata nyaya, sauti ya mwalimu ikimjia kichwani neno kwa neno, mpaka akaupata waya ulioungua ndani ya swichi. Akaubadilisha, na mashine ikanguruma. Bila yeye, lile lingebaki kuwa bati.

Ilinguruma, lakini haikupoza. Subilaga akapaka mabomba povu la sabuni, akapapasa kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka povu likavimba chini ya kidole chake. Akaziba tundu, akajaza gesi, na tangi likaanza kupoa. Bila yeye, lingenguruma hadi kiama.

Lilipoa, kisha likazimika lenyewe. Wale wanawake wawili wakakaa chini, wamekata tamaa. Ambakisye akafungua kifuniko cha nyuma, akakuta wavu wa kutolea joto umezibwa na pumba na manyoya ya kuku. Akachukua mswaki akausafisha tundu kwa tundu, polepole, hadi wenzake wakasinzia wakimtazama. Likawashwa, na halikuzimika tena. Bila yeye, maziwa yangekuwa mgando.

Mwenyekiti akatia mkono kwenye maji waliyojaribia, akautoa upesi. "Ndaga fijo, asanteni sana! Sasa, fundi ni nani?"

"Ni sisi."

"Nafasi ni moja."

Mwalimu Lwitiko akaingilia. "Mwenyekiti, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mwalimu, mimi sina chawa. Nina maziwa."

Tupokigwe akasema, "Mimi ndiye niliyeanza. Mngeanzia wapi bila umeme?"

"Dada, hata mashine ya kusaga inanguruma," akasema Subilaga. "Kazi ya tangi ni kupoza."

"Na mlikuwa mmeshakaa chini," akasema Ambakisye.

Hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana vizuri.

Mwenyekiti akaona amalize. "Basi nitalivuruga upya, kila mmoja alitengeneze peke yake." Hapo ndipo walipotazamana, na ikabidi waseme jinsi walivyokuwa wakilala. Kila mmoja alikuwa na theluthi ya ufundi. Fundi kamili hakuwepo.

Mwalimu akasema, "Yeyote atakayechukuliwa, itabidi wenzake wawili wamfundishe wanachokijua. Mimi nimehamishwa, na kozi nyingine haipo mpaka mwakani."

"Wamfundishe lini?" Tupokigwe akauliza.

"Jioni, mkitoka kazini."

"Yaani nikikosa kazi, bado nije jioni kumfundisha aliyeipata? Nikiwa nimechoka hivi hivi, ili yeye akalale?"

"Ndiyo, mama. Vinginevyo tangi litaharibika, na yeye atafukuzwa."

Mwenyekiti akasema anataka jina moja Jumatatu asubuhi, akavaa kofia yake akaondoka. Watatu wale wakabaki mezani pao, na kwa mara ya kwanza katika karakana ile wote walikuwa macho kwa wakati mmoja.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na kila mara watu huondoka wamenuniana. Nami nimechoka kuamua. Haya, amueni ninyi. Mtajeni mmoja, aende akapumzike. Lakini ukishamtaja, usikimbie: wageukie wale wawili, yatazame macho yao mekundu, uwaambie kwa nini kila jioni warudi kumfundisha. Je, wewe ungemtaja nani, na hao wengine ungewaambia nini?