Chumvi ya Nakijwa

Asiyeonja asitie chumvi. Mmeisikia leo mkacheka, wajukuu zangu, mkadhani ni maneno ya jikoni tu. Basi tulieni, asili yake ni hii.

Nakijwa alipanda milima ya Upare kuwafundisha kina mama kujenga majiko ya udongo yasiyokula kuni nyingi. Kazi aliijua, na nia yake ilikuwa safi. Lakini siku ya kwanza alishinda ubaoni, akiwakaririsha watu wazima maana ya moshi kama watoto wa chekechea. Mama Naetwe, ambaye macho yake yalishakuwa mekundu kwa moshi huohuo, alisinzia waziwazi. Kesho yake nusu ya viti vilikuwa vitupu. Nakijwa akaingiwa na hofu: hawa waliobaki wakiondoka, majiko hayajengwi, na kina mama wataendelea kuumwa macho.

Mchana, ili awapendeze, akakimbilia chungu cha makande walichopika, akatia chumvi kiganja kizima. Kumbe Mama Naetwe alishatia! Tonge la kwanza tu, watu wakatazamana.

“Mwanangu,” Mama Naetwe akasema taratibu, “chumvi yako nzuri. Ila umetia bila kuonja. Na jana ulitufanyia vivyo hivyo.”

Machozi yakamlengalenga Nakijwa. “Nisameheni, mama zangu. Sasa nifanyeje?”

“Shika kisu tumenye ndizi, tuongeze na maji. Chakula hakimwagwi.”

Wakamenya pamoja. Ndipo Nakijwa akauliza, kwa mara ya kwanza, “Mama, moto wa kwako unakusumbua wapi?”

Lo, walivyofunguka! Huyu alilalamikia upepo wa mlangoni, yule chungu kikubwa kisichokaa kwenye jiko la dukani. Alasiri hakuna aliyegusa chaki. Walikanda udongo, kila mmoja kwa kipimo cha chungu chake, Nakijwa akiwaonyesha pa kupitishia moshi, jambo ambalo hakuna aliyelijua. Waliokimbia wakasikia vicheko, wakarudi.

Siku ya kuagana, Mama Naetwe alibandika makande kwenye jiko lake jipya. Moshi ukapanda zake nje, na macho yake yakabaki makavu.

“Mungu akubariki, mwanangu.”

“Nyinyi ndio mmenifundisha, mama. Nawashukuru.”

Mama Naetwe akamchotea kijiko. Nakijwa akaonja, akasita. “Chumvi imepungua kidogo.”

Mama Naetwe akacheka, akamkabidhi kopo. “Haya, sasa tia.”

Tangu hapo milimani kwetu tunasema: asiyeonja asitie chumvi.