Mpaka Usio na Umo

"Mpaka usio na 'umo' humwacha wa mwisho na kiu." Mnacheka? Chekeni, lakini mmeuliza wenyewe, basi tulieni. Chanzo chake ni hiki.

Katika skimu moja ya mpunga bondeni Kyela, wakulima walichoka kugombania zamu za maji. Wakamwita Tusekile, binti wa palepale aliyesomea kompyuta, aandike programu ya kufungua malango ya mfereji. Mwenyekiti akamwagiza, "Maji yapite shamba kwa shamba, mpaka kwa Bibi Subilaga." Shamba la bibi huyo ndilo la mwisho.

Tusekile akaandika: ukifika kwa Bibi Subilaga, simama. Programu ikatii. Ikafika, ikasimama, na lango la bibi halikufunguka. Mpunga wa wenzake ukanawiri; wake, uliokuwa ukitoa mashuke, ukaanza kunyauka. Watu wakanong'ona kwamba bibi kamuudhi mwenyekiti. Loo, midomo ya watu!

Bibi hakumwendea mwenyekiti. Alimwendea Tusekile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo mpaka kwangu uliyoandika, mimi nimo au simo?"

Tusekile akausoma upya mstari wake, akagundua umemwacha bibi nje. Aliona aibu hasa, maana chakula cha mwaka mzima cha yule mama kilikuwa kinakauka kwa neno moja.

Ambilikile, mwenzake wa kazi, akadakia, "Si uongeze moja tu? Iambie kuna shamba jingine mbele ya la bibi, isimame huko."

"Shamba lisilokuwepo?" Tusekile akamjibu. "Atakayeisoma kesho atalitafuta wapi?"

Akaandika: kuanzia shamba la kwanza mpaka la Bibi Subilaga, nalo likiwemo. Tena, programu ilikuwa ikitafuta upya shamba la mwisho ni lipi kabla ya kila lango, maji yakingoja bure. Akaifanya itafute mara moja tu, mwanzoni.

Mchana ule lango likafunguka. Bibi Subilaga akaingia shambani, maji yakimfika vifundoni.

"Sasa umo, bibi," Tusekile akasema kwa furaha.

Bibi akavunja shuke, akalisugua kiganjani, akapuliza. Yote yakapeperuka, yalikuwa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje.

"Mimi nimo, mwanangu," akasema. "Punje ndizo hazimo tena."

Tusekile akalia palepale, wala hakujificha. Tangu hapo, mtu akitamka "mpaka" kikaoni, wakulima humkatiza: mpaka usio na "umo" humwacha wa mwisho na kiu.