Keki za Ragnvald Öhrn

Bandu bandu huisha gogo. Wengi wetu tukiisikia methali hii humfikiria mchapakazi mwenye shoka, anayebandua kidogo kidogo hadi kazi ikaisha, nasi tukampigia makofi. Ni mara chache tunamuuliza kama gogo lenyewe alikuwa bado analihitaji.

Ragnvald Öhrn, mkemia wa chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Uswidi, alikuwa na gogo la kweli. Yeye na mwenzake Gunvor Tunell walikuwa wamegundua kichocheo cha chuma kilicholegeza gundi ya asili iliyomo ndani ya mbao za msonobari kwa maji ya uvuguvugu tu, bila zile dawa kali zinazovifanya viwanda vya karatasi vinuke kama mayai viza. Kazi hiyo iliwala miaka mingi, na nywele za Ragnvald karibu zote.

"Tungoje kidogo," Gunvor alisema. "Tunaona kinafanya kazi, ila hatujui kwa nini. Tukijua, tunaandika makala moja tu, watu wanavua kofia."

"Moja? Dada yangu, kiti cha uprofesa kinakaribia kutangazwa. Nikienda na makala moja si watanicheka? Joto ni makala. Chumvi ni makala. Msonobari mchanga makala, msonobari mzee makala."

"Na magome je?"

"Magome pia," akajibu Ragnvald, asijue kwamba anataniwa.

Basi akalishika shoka. Katika maabara yao ilikuwa desturi kwamba makala ikikubaliwa na jarida, mwandishi analeta keki saa ya kahawa. Ragnvald alileta keki mpaka mwenye duka la mikate akawa anamwekea ile ya kijani aliyoizoea bila kuagizwa.

"Umejifungua tena?" wenzake walimtania, wakilamba krimu.

"Mapacha," alijibu, akikata vipande vyembamba ili kila mtu apate.

Gunvor hakucheka. "Kila kipande unachotoa kinamwonyesha mtu tulikofika," alimwambia walipobaki wawili. "Na ile 'kwa nini' hatujaigusa. Wewe mwenyewe maabara huji tena."

Ilikuwa kweli. Mchana kutwa alikuwa akijibizana na wahakiki wa majarida, na jioni akiangalia ni wangapi waliomnukuu. Wengi wao walikuwa yeye mwenyewe. Hatimaye Gunvor alichoka, akaenda kufundisha shule ya sekondari huko Härnösand. Ragnvald aliumia sana, lakini wiki ile alikuwa na keki ya kupeleka.

Mwaka uliofuata ilitoka makala moja kutoka Aachen, Ujerumani. Mwandishi, Mechthild Overbeck, alieleza kwa nini kichocheo kile kinafanya kazi. Kabla ya majira ya baridi kila mkemia wa mbao alikuwa ameinukuu. Makala za Ragnvald zilitajwa humo zote kwa mkupuo, chini ya ukurasa, kama mzigo wa kuni.

Kiti kikatangazwa. Waombaji walitakiwa kuteua makala yao moja iliyo bora na kueleza imebadili nini. Ragnvald alizifungua zake, na kila aliyoifungua ilimtuma kwenye nyingine. Mwishowe alipeleka ile ya joto. Ripoti ya wataalamu wa nje, ambayo kule husomwa na yeyote apendaye, ilisema mwombaji huyu ana bidii isiyo na shaka, ila hawakuweza kuona alichogundua ni nini. Alifunga mlango wa ofisi akalia. Kiti akapewa Mechthild.

Siku ya kumkaribisha ililetwa keki kubwa, naye Mechthild akamfuata Ragnvald na sahani mbili mkononi.

"Kumbe wewe ndiye Öhrn," alisema kwa furaha isiyo na hila. "Makala zako nilizibandika zote ukutani. Nilipoona zinakoelekea niliogopa. Nikasema hawa lazima wanayo kubwa wameificha, wataitoa wakati wowote. Nikawasubiri karibu mwaka mzima, ndipo nikatoa yangu. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Hatukungoja," alisema Ragnvald. "Aliyetaka tungoje ni mwenzangu."

"Yuko wapi?"

"Härnösand. Anafundisha watoto kemia."

Kipande chake cha keki hakukigusa. Kesho yake alimpigia Gunvor simu kumwomba radhi.

"Basi, Ragnvald, yamepita," Gunvor alisema. "Lakini kile kichocheo chetu kilikuwa kizuri, ee?"

"Kizuri mno," akajibu.

Kilikuwa kizuri kweli, na hakuna aliyemwibia. Alikimaliza mwenyewe, kipande kwa kipande, huku akishangiliwa na walaji. Bandu bandu huisha gogo.