Nishani Moja ya Mtepwe

Mwenye chungu jikoni akipunguzie moto kwanza, kisha aje asikilize.

Katika nchi moja walikuwapo watu watatu. Sajini Ngwale, mlinzi wa ghala la mabomu la Mtepwe, alikuwa na pua: baruti ikiharibika, aliijua kwa harufu tu. Mzee Chonde, karani wa masjala wizarani, hakusahau faili hata moja. Na Bi. Sikujua Mlawa, Naibu Waziri wa Ulinzi, akishatia sahihi, haikani.

Kazi yenyewe ya unaibu ilikuwa kujibu maswali bungeni na kukagua gwaride. Wanajeshi walimpigia saluti, lakini amri walipokea kwa Waziri. Na siku hiyo Waziri alikuwa angani, safarini ng'ambo.

Saa sita mchana Sajini Ngwale aliacha lindo bila ruhusa, akaja kwa pikipiki mpaka ofisini kwa Naibu.

"Mheshimiwa, baruti imechacha. Nimeinusa."

"Tuna muda gani?"

"Mpaka jua la saa nane. Labda."

Nyuma ya ghala palikuwa na soko, na nyuma ya soko shule. Bi. Mlawa alimpigia simu Jenerali, mkuu wa majeshi, naye akamjibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto, kwamba ghala lilikaguliwa mwezi uliopita, na mji hauhamishwi kwa pua ya sajini. Asubiri Waziri atue.

Mzee Chonde, aliyekuwa ameleta majalada ofisini, aliyasikia hayo. Akashuka masjala, akavunja lakiri ya faili la siri asiloruhusiwa kulifungua, akarudi na kanuni: Waziri asipopatikana, Naibu anaweza kuhamisha raia, mradi Jenerali naye atie sahihi.

Jenerali alikataa. Bi. Mlawa akaitazama nafasi tupu ya sahihi ya Jenerali kwenye hati ya amri. Akatia sahihi peke yake.

King'ora kikalia. Watu wakatoka na masufuria mikononi, wakiilaani serikali. Saa nane na dakika kumi ghala likalipuka. Mabati ya soko yakaruka, shule ikabaki kuta. Hakufa mtu.

Rais akatoa nishani moja, kwa mmoja tu wa hao watatu. Kwa sheria ya nchi hiyo, mwenye nishani hashtakiwi kwa alilotenda siku ile. Wenzake wawili wangefikishwa mahakamani kwa kuvunja amri. Na desturi ilitaka jina liandikwe na Naibu Waziri.

Akawaita. Sajini akasema ana watoto watano, na jela ya jeshi haina likizo. Mzee Chonde akasema kwa umri wake, kifungo cha miaka mitatu hatakimaliza. Kisha akamtazama Bi. Mlawa.

"Lakini wakikufunga wewe, mama, nani atatia sahihi siku nyingine?"

Bila pua, hakuna ambaye angejua. Bila faili, hakuna ambaye angeweza. Bila sahihi, hakuna ambaye angetoka.

Tarishi wa Ikulu alisimama mlangoni akingoja bahasha. Bi. Mlawa akafungua kalamu.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani? Na wale wawili mngewaambia nini?