Kima Walipohamia kwa Mkuu

Jumatano ya tarehe tisa Machi, saa nne kasorobo asubuhi, mzee Shemhilu, mkuu wa hifadhi hai mpya iliyotengwa kulinda msitu na wanyama wake, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akamnyooshea kidole Zawena, aliyelima iliki na ndizi ukingoni mwa msitu.

"Mama, kima wanakula shambani kwako kila siku. Wanapokula kima ni kiini cha hifadhi, na ndani ya kiini haishi mtu. Hama!"

Zawena alitabasamu.

"Nitahama, mzee wangu. Ila sheria hiyo ni ya sisi wenye jembe tu?"

"Ya wote! Hata mimi wakinifuata, nahama siku hiyo hiyo."

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mwenyekiti wa kijiji.

"Basi, mzee, naomba leo tu, nivune ndizi zangu mbivu."

"Vuna zote, usibakize hata mkungu."

Kesho yake asubuhi mkuu alitoka nje na taulo kiunoni, akapigwa na ganda la ndizi utosini. Mikungu ilining'inia paani kwake pande zote, na kundi zima la kima lilikuwa likifungua kinywa. Getini walisimama Zawena na mwenyekiti, kamba mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Zawena. "Tumekuja kukusaidia kufunga mizigo."