Fisi Ajifanya Mwasisi

Tulieni basi, nami niwape kisa. Mwaka mmoja jua liliwaka bila huruma. Shamba la Chuo cha Nyikani likageuka vumbi, mpishi akafunga jiko akaenda zake kwao, na wanafunzi wakawa wanalala njaa, kila mmoja na lake.

Sungura ndiye aliyepata wazo, nani mwingine? Akawaita Kobe na Kanga. "Jamani, hivi tulivyo tutakwisha mmoja mmoja. Tuchange!"

Sungura akaleta maharage, Kanga mahindi, Kobe akabeba chungu mgongoni. Makande yakaiva. Kobe akashika upawa, akawapakulia wenzake, kisha akawapakulia wote waliovutwa na harufu. Mwenyewe akabakiwa na ukoko, akaukwangua huku anacheka.

"Basi hiyo ndiyo sheria yetu," Sungura akasema. "Mwenye upawa hula mwisho. Na anayeingia aapishwe kwayo." Udugu wa Chungu ukazaliwa siku ile.

Mvua zikarudi, mpishi naye akarudi, chama kikavuma. Simba, mkuu wa chuo, alipenda sherehe kwa sababu katika kila sherehe husifiwa yeye. Akatangaza karamu: majina ya waasisi watatu yachongwe langoni!

Fisi kusikia karamu, mate yakamdondoka. Wakati wa njaa hakuonekana hata unyoya. Alikuwa kwa mjomba wake machinjioni. Sasa akawahi, amejipaka mafuta anang'aa, akakalia kiti cha Kobe. Kobe alikuwa bado njiani, si mnaujua mwendo wake?

"We Fisi, hapo umefuata nini?" Kanga akamaka.

"Nimefuata haki yangu! Mtukufu Mkuu, mwasisi wa tatu ni mimi. Kobe alikuja tumeshamaliza kila kitu. Wewe mwenyewe ulituona, au umesahau?"

Simba hakukumbuka lolote. Lakini Simba akiri kwamba hajui? Thubutu! Akatikisa manyoya. "Mimi nisahau? Chongeni jina la Fisi!"

Moyo wa Sungura ukamuuma kwelikweli. Jina la Kobe, rafiki yake wa siku za dhiki, lilikuwa linapotea hivihivi mbele ya macho yake. Alitaka kulia, akatabasamu.

"Kumbukumbu yako haina mfano, Mtukufu," akasema. "Ila kabla ya kuchonga, ndugu Fisi atufungulie karamu kama tulivyofanya siku ile. Upawa huu hapa, kaka."

"Hilo tu?" Fisi akachekelea. Akapakua, akala. Akapakua tena, akala. Akaona upawa unamchelewesha, akautupa, akazamisha kichwa chote chunguni, mkia unacheza kwa raha. Wanachama wakaanza kukohoa, wakaguna, mwishowe wakaangua kicheko, wanashikana mbavu.

"Mnacheka nini?" Simba akanguruma.

Papo hapo Kobe akaingia, anatweta. Akaona watoto wa Digidigi wameshika sahani tupu, akaokota upawa, akausuuza, akaenda kwenye chungu cha pili na kuanza kuwapakulia, kuanzia mdogo kabisa. Yeye hata hakuonja.

"Sheria yetu ya kwanza, Mtukufu," Sungura akasema. "Mwenye upawa hula mwisho. Mwasisi ni yupi hapo?"

Simba akajikohoza. "Nilijua tangu mwanzo! Nilikuwa namjaribu tu. Chongeni jina la Kobe! Na wewe Fisi, toka!"

Fisi akataka kukimbia, lo, kichwa hakitoki! Akakimbia nacho chungu vivyo hivyo. Akagonga nguzo, akamgonga mpishi, akalivaa lango, pwaa! Chungu kikapasuka, mdomo wa chungu ukambakia Fisi shingoni kama kola ya bwana harusi. Kanga alicheka mpaka akataga yai palepale. Fisi akatokomea porini, makande yanamchuruzika masikioni, watoto wanamzomea nyuma.

Wahenga walishasema: njia ya mwongo ni fupi.